Tulikwenda dago na kipanya

Dunda, Bagamoyo
Jumatatu, baada ya alasiri

Somo yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Mtwara. Sisi huku hatujambo, ila tumepunguka heshima kidogo, na ndiyo sababu ya kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungecheka kabla sijafika katikati.

Siku ile nilipokutumia picha ulisema mtu mzima mwenye nyumba yake ya matofali Ngamiani, Tanga, akiamua kwenda kulala ndani ya kipanya, ana lake jambo. Nilinyamaza. Leo nakujibu.

Kipanya chenyewe unakijua: ile HiAce ya paa la juu iliyokuwa ikibeba abiria hapo mjini. Shemejio aliinunua mwili umechoka, injini nzima. Mwaka mzima imekaa chini ya mwembe wetu akiipasua na kuiunga. Viti vyote vya nyuma nje. Kitanda nyuma, makabati ubavuni, jiko la mtungi wa kilo 6 karibu na mlango, friji ndogo ya volti 12, paneli ya sola juu ya paa. Maji tunabeba kwenye madumu matatu ya lita 20, yana pampu ya kukanyaga kwa mguu. Choo ni ndoo yenye mfuniko wa kubana. Hilo nililishikilia mimi, na sitaki maswali.

Nilimwambia: mume wangu, gari ni gari, makabati weka plaiwudi. Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. Miaka thelathini ya useremala, aje ajengee plaiwudi nyumba yake mwenyewe? Akaweka mninga. Somo, ukiingia ndani unaona mbao imeng'aa kama kitanda cha bibi harusi, na ukitoka nje unaona spring za nyuma zimelala kama punda aliyekataa kwenda.

Tulipanga kuondoka baada ya swala ya alfajiri. Tukaondoka saa nne kasorobo. Mara amesahau bisibisi, mara mimi nimesahau iliki, mara majirani wote wa barabara yetu wanataka kuingia waone. Ukishakaribisha wa kwanza, wa kumi na mbili utamkatalia vipi?

Muheza tukasimama kununua machungwa. Sasa, ule mstari wa rangi ya daladala shemejio aliupaka juu, lakini jua likipiga unaonekana vilevile. Nimeshuka, nimeacha mlango wa ubavuni wazi, narudi nakuta mama wawili wameshapandisha tenga lao na mmoja ananiuliza, "Segera shilingi ngapi?" Kisha akainua macho akaona godoro, shuka, na mito miwili. "Astaghfirullahi!" Walishuka upesi kuliko walivyopanda. Mpaka leo sijui walifikiri ni gari la nini, na shemejio amenikataza kuwaza.

Matuta ya Hale ndiyo yaliyotufundisha habari ya makabati. Milango yake aliifunga kwa sumaku, zile ndogo za kabati la jikoni. Nyumbani sumaku inatosha, maana nyumba haipandi tuta. Tuta la kwanza mlango ukafunguka, la pili ukatoka mchele, la tatu sukari ikafuata mchele, na kopo la majani ya chai likaja mbele kunisalimia kisogoni. Tukaegesha, tukafagia, tukafunga makabati yote kwa kamba ya mkonge. Mbao ya mninga, kamba ya mkonge: Tanga nzima imo humo ndani. Na kila tukitaka kijiko, tunafungua fundo.

Baada ya Segera nisikuchoshe. Kabuku, Mkata, jua kali, gari linapanda kilima kwa gia ya pili huku mabasi yanatupita yakipiga honi. Askari wa barabarani mmoja alitusimamisha, akatazama leseni, akatazama bima, akachungulia ndani muda mrefu. Nikaanza kusoma dua. Akauliza, "Mama, mnauza chipsi?" Nikamwambia hatuuzi, tunalala. Akaturudishia karatasi zetu bila neno.

Kuteremka kwenda Wami ndipo nilipojua uzito ni nini. Kupanda, gari zito linakuchelewesha tu. Kuteremka, linakusukuma. Makabati yote yale ya mninga yalikuwa nyuma yetu yanataka kufika chini kabla yetu, na breki zikaanza kunuka. Shemejio akarudi gia ya pili akaiachia injini ituzuie, akaacha kuzungumza. Nilishukuru kwamba siku hizi kuna daraja jipya pana; unakumbuka lile la zamani, lilivyokuwa jembamba, magari yanapishana kwa zamu? Huku nyuma tungepigiwa honi mpaka kesho. Msata tukakunja kushoto, Kiwangwa tukanunua mananasi ya mwisho ya siku, na Bagamoyo tukaingia saa tatu usiku. Safari ya kilomita mia tatu hazifiki, saa kumi na moja na ushei. Basi hufika, likarudi, na dereva akala.

Sasa sikiliza kisa chenyewe.

Shangazi yake shemejio, dada wa marehemu baba mkwe, anakaa hapa Dunda. Ana presha, analala mapema. Tukasema, tusimgongee mlango usiku, tutamwamsha roho juu. Hiyo ndiyo sababu tuliyoitoa. Ya kweli ni kwamba shemejio alikuwa anawashwa kulala ndani ya kazi yake, na mimi, sikufichi, nami nilikuwa nawashwa. Tukashuka mpaka ufukweni, karibu na mivinje, tukaegesha juu ya mchanga. Mwezi mpevu. Bahari imekupwa iko kule mbali, inasikika kama mtu anayefagia uani kwa jirani. Tukachemsha chai, tukala mkate na nanasi, tukawasha kifeni, friji inanguruma taratibu. Nakwambia somo, kwa saa sita zile nilikuwa tajiri.

Bibi yangu aliyenilea Sahare, pale Tanga, alinifundisha kabla sijajua alifu na bee: mwezi ukiwa mpevu, bamvua hilo, maji hujaa kuliko siku zote, yatajaa saa kumi, ukitaka kuokota kombe nenda saa nne. Nimelijua hilo miaka hamsini na kitu. Na bado niliitazama bahari iliyokupwa, saa nne ya usiku, chini ya mwezi mpevu, nikasema, pazuri hapa.

Saa kumi alfajiri nikasikia kitu kinalamba. Nikafikiri mbwa. Nikashusha mguu kitandani, sikuona kitu ndani, nikafungua mlango, na mguu wa pili ukaingia baharini.

Shemejio akaruka kwenye usukani na msuli wake. Akatekenya ufunguo: ka-ka-ka, kisha kimya. Taa hakuna, kifeni kimezimika, friji imenyamaza. Baadaye ndipo tulipoelewa. Betri ya ndani na betri ya kuwashia gari zinatakiwa zitenganishwe na rilei: injini ikiwaka zinaungana, alternata inazichaji zote mbili, injini ikizimwa kila moja inakaa kivyake. Fundi umeme wetu, simtaji maana tunakutana sokoni, alizifunga moja kwa moja kama mapacha. Kwa hiyo friji ilipomaliza betri ya ndani, ikaenda kunywa na ya pili. Tena hizi betri za asidi, hata ikiandikwa ampea 100, si zako zote 100. Ukivuka nusu unaiua. Tulivuka nusu, tukavuka na robo.

Waliotuokoa ni wavuvi. Walikuwa wanateremka kwenye vyombo vyao, wakaona kipanya kimekaa majini kama ngalawa iliyopotea. Hawakuuliza. Kumi na wawili hivi walitia mabega nyuma, mmoja akaongoza kwa sauti kama wanavyovuta mashua, "Haya twende, tena!", nami nasukuma pamoja nao, kanga imelowa mpaka kiunoni. Maji yalikuwa yamefika nusu ya magurudumu. Tulipofika kwenye ardhi ngumu wakasukuma tena kwa kasi, shemejio akaachia klachi, kikakohoa, kikawaka. Ndipo mzee mmoja akauliza, "Wageni kutoka bara?"

Shemejio akasema, "Tanga."

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile kabla ya alfajiri. "Watu wa Tanga! Hamuijui bamvua?" Akaulizwa ukoo, akautaja, na hapo nikaona mzee yule amemtambua, nikajua tumekwisha.

Saa moja kamili Shangazi akafika kwa bajaji. Amevaa baibui lake, amekaa wima, hakushuka. Tukamwamkia, "Shikamoo Shangazi." Hakuitikia mara moja. Akalitazama gari toka mbele mpaka nyuma, akasema kwa sauti ya chini, ile inayoumiza kuliko kelele: "Mimi niko hai. Nina vyumba vitatu. Mwana wa kaka yangu amekuja mjini kwangu akalala ufukweni kama mvuvi wa dago. Wamenipa habari hiyo watu wa samaki."

Somo, dago! Miezi yote tulikuwa tunatafuta jina la jambo hili tunalofanya, jirani mmoja anasema utalii, mwingine anasema wazimu. Wazee wetu wameliita jina siku nyingi: unaacha nyumba, unabeba chungu na mkeka, unapiga kambi pwani mpaka samaki waishe. Tofauti ni kwamba mvuvi wa dago anakwenda kwa sababu, tena anaijua bamvua.

Tukaomba radhi mpaka tukakauka. Masharti yake yalikuwa machache: gari liingie uani kwake, lioshwe chini kwa maji ya kisima chumvi itoke kabla haijala bati, na sisi tulale chumbani, kwenye kitanda, kama watu. Leo ni siku ya nne. Gari la kulala tumelilalia usiku mmoja tu, tena haukuisha.

Lakini mwenye kulilalia yupo. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana sikumwona Shangazi. Nikamtafuta jikoni, barazani, kwa jirani. Nikamkuta ndani ya kipanya, mlango wazi, upepo wa bahari unapita dirisha hadi dirisha, amejinyoosha, miwani kifuani. Alipoamka akasema alikuwa anakagua godoro. Tangu hapo analikagua kila siku, saa nane hadi alasiri, na jana alileta mashoga zake wawili nao wakague. Wanakunywa kahawa humo, wanamsema kila anayepita njiani. Shemejio anakaa kwenye gogo nje anawasikiliza, hajui afurahi au aombe zamu.

Juzi shemejio alinipeleka Caravan Serai, pale wapagazi waliokuja kwa miguu kutoka bara walipokuwa wakitua mizigo. Nikakumbuka kwamba mpagazi alibeba kama frasila mbili, ndizo kilo 32 hivi. Nikamwambia shemejio, wewe umebeba ngapi? Tuliporudi akafungua makabati, tukayapima moja moja kwenye mizani ya muuza mkaa wa hapa jirani. Kilo 112. Frasila saba za mninga, wapagazi watatu na nusu, kwa ajili ya sufuria mbili na kopo la iliki! Alikaa kimya muda mrefu, akipapasa ile mbao. Kisha Shangazi akasema chumba chake cha vyombo hakina kabati. Basi yameingia ndani yale makabati jana jioni, yameenea ukutani utadhani yalipimwa hapo, na leo asubuhi shemejio amekwenda kununua plaiwudi. Amenunua na komeo. Rilei amefungiwa na kijana mmoja wa hapa, kwa nusu saa.

Tukirudi hatupiti tena Segera. Tunataka kushika njia ya pwani, Saadani, Mkwaja, tuvuke mto Pangani. Shangazi anasema ana mjomba Pangani hajamwona siku nyingi, na kwa kuwa kitanda kinatosha wawili na mbele pana viti vitatu, hesabu ameshaipiga yeye mwenyewe. Sijamwambia shemejio.

Nakuachia hapa, Shangazi ananiita. Amejaza friji yetu barafu za ukwaju, kaiunga kwenye umeme wa nyumbani kwa chaja ya betri, na watoto wa shule ndio wanatoka sasa hivi. Wamepanga mstari kwenye mlango wa ubavuni. Yule askari akipita hapa leo sijui nitamwambia nini.

Nisalimie shemeji na watoto, na andika upesi.

Ni mimi somo wako.