Kabati la Ukutani Pwani Lataka Mlango Upitishao Hewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme machache kuhusu milango ya makabati ya ukutani, jambo ambalo wengi wetu hapa Mombasa huliamua kwa dakika tano mbele ya picha iliyo kwenye simu ya fundi, kisha tukaishi nalo miaka.

Nilipohamia Tudor nilikuta chumba cha kulala kimeachiwa nafasi ya kabati ukutani, upana wake futi sita na kimo chake hadi karibu na dari. Fundi alinishauri niweke milango miwili ya kuteleza kwenye reli, ya MDF inayong'aa, mmoja ukiwa na kioo kizima, nami nikakubali kwa kuwa chumba ni chembamba na nilihofia mlango wa bawaba ungegonga kitanda. Masika ya kwanza hayajaisha, kanzu mbili na kofia yangu ya Idi zilikuwa zimeshika koga, na ukingo wa chini wa mlango mmoja ulikuwa umefura kama mkate uliochovywa chai, hata hausogei ila uuinue kwa mikono miwili.

Sikuwa na haki ya kumlaumu fundi peke yake, maana picha niliichagua mimi. Lakini nilipouvua ule mlango niliona kosa lilipo. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Uso wake ukifunikwa vizuri hauna neno, ila pale ulipokatwa kwa msumeno hunywa maji, na ukingo wa chini, kwa sababu hauonekani, uliachwa bila hata mkono mmoja wa rangi. Hakuna mvua iliyoingia humo chumbani. Yalitosha maji ya kupigia deki na unyevu wa upepo wa kusi.

Reli nayo ina mambo yake. Milango miwili ikipishana, huwezi kamwe kufungua zaidi ya nusu ya kabati kwa wakati mmoja, kwa hiyo daima upande mmoja umefungika. Mchanga tunaoingia nao kwa miguu hujaa katika reli ya chini, na vigurudumu visipokuwa vya chuma kisichoshika kutu, hewa ya chumvi huvimaliza upesi. Anayelazimika kutumia milango ya kuteleza, basi aitake inayoning'inia kwenye reli ya juu.

Mimi niliiondoa yote. Jibu nililipata nikipita Mji wa Kale, ambako madirisha ya luva, yaani ya vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari na kuachiana nafasi, yamekuwa yakizuia jua na kuruhusu hewa tangu zamani, nikajiuliza kwa nini hewa tunayowapa watu sebuleni tunazinyima nguo chumbani. Zile futi sita tulizigawa milango minne ya luva ya futi moja na nusu kila mmoja, na ile hofu yangu ya kitanda ikaisha hapo hapo, maana mlango mwembamba ukifunguka hauchukui nafasi zaidi ya upana wake. Wembamba huo una faida nyingine: mlango hauwi mzito wa kulegeza bawaba. Tuliweka bawaba tatu za shaba kwa kila mmoja.

Mbao ni mvule, nao, nakiri, si wa bei ya kuchezea. Asiyeuweza, na atakaye paneli badala ya luva, atengeneze fremu ya mbao ngumu na paneli ya plaiwudi isiyoharibiwa na maji. Paneli ikiwa ya mbao halisi, fundi asiigandishe kwa gundi; ikae huru ndani ya mfereji wa fremu, kwa kuwa mbao hutanuka kwa upana majira ya mvua na kunywea wakati wa kaskazi, na ikibanwa hupasuka.

Aibu ya luva ni vumbi. Kila Jumamosi kuna mtu nyumbani anayepitisha kitambaa ubao kwa ubao, na mtu huyo hanisemi vizuri. Hata hivyo tangu hapo sijatoa kanzu yenye koga, na nguo zikifukizwa udi harufu haigeuki kuwa ya uvundo.

Ombi langu ni kwa wanaojenga ghorofa za kuuza, ambao siku hizi hukabidhi vyumba makabati yakiwa tayari. Kama ni lazima iwe MDF, pakeni rangi kingo zote nne za kila mlango, acheni upenyo wa inchi moja juu na chini, na msiliegemeze kabati kwenye ukuta wa bafu.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa