Barua ya malalamiko kwa kampuni iliyoniuzia kifusi chenye taka

Boko,
Dar es Salaam.
14 Januari 2026

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uuzaji wa Kifusi na Usawazishaji wa Viwanja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFUSI KIBOVU MLICHOJAZA KWENYE MSINGI NA KIWANJA CHANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwezi Novemba mwaka jana nilinunua kwenu kifusi cha kujaza msingi wa nyumba na kuinua kiwanja, nikalipia pia kazi ya kukisambaza, kukishindilia na kusawazisha uwanja. Nakala za ankara, risiti ya EFD na hati za kupokelea mzigo nimeziambatanisha pamoja na picha. Ninaandika kwa sababu mlichomwaga kwangu sicho mlichonionyesha, na kwa sababu afisa mauzo wenu hapokei tena simu zangu tangu nilipomtumia picha hizo.

Nianze na makubaliano yetu. Kiwanja changu kiko upande wa bondeni, na anayeifahamu Boko anajua maji ya masika yanavyotuama huku chini. Kwa sababu hiyo fundi wangu alinyanyua kuta za msingi kuliko kawaida, na upande wa nyuma kina cha kujaza kikakaribia mita moja. Nilikuja yadi kwenu mwenyewe nikamweleza afisa mauzo waziwazi kwamba kifusi hiki kinakwenda chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, la nyumba ya kuishi, na kinachobaki ni cha kuinua uwanja ili maji yaiache nyumba. Alinipeleka kwenye lundo la udongo mwekundu wa kichanga akasema, "Mama, huu ndio tutakaokuletea." Nilichukua konzi moja, nikaunyunyizia maji kidogo nikaufinya. Ulishikamana vizuri, na nilipougonga kwa kidole ulivunjika vipande viwili vitatu, bila kunata mkononi. Hauna mizizi, hauna harufu. Fundi aliukubali, nami nikalipa siku hiyohiyo. Kiasi cha udongo huo nimekihifadhi kwenye kiroba mpaka leo, na yeyote kutoka kwenu anakaribishwa kuja kuulinganisha.

Tripu za mwanzo zililetwa mchana nikiwepo, na sina neno nazo. Udongo ulikuwa uleule. Baada ya hapo tipa zenu zikaanza kuja usiku. Niliambiwa ni kwa ajili ya kukwepa foleni ya Barabara ya Bagamoyo, sababu ambayo mtu yeyote wa huku angeikubali. Mlinzi wangu alikuwa akisaini hati kwa mwanga wa tochi, tipa inainua bodi, inamwaga, inaondoka. Asubuhi nilikuwa nikikuta malundo mekundu juu kama yale ya siku za kwanza, na kabla sijafika saiti vijana wenu walikuwa wameshaanza kuyasambaza ndani ya msingi.

Mvua za vuli zilizonyesha Desemba ndizo zilizofichua kilichokuwa chini. Upande wa nyuma, palipokuwa pamesawazishwa, palibonyea. Fundi alivuta levo kwa mpira wa maji akakuta chumba kimoja kimeshuka kwa zaidi ya upana wa kiganja, na chumba cha pili yake hakijashuka ila kwenye kona. Akachukua nondo ya milimita 12 akaikandamiza kwa mkono, bila nyundo. Kwenye kifusi cha tripu za mchana ilikwama baada ya kuingia kidogo. Upande wa nyuma iliingia mpaka mkono wake ukagusa udongo, na alipoichomoa ilitoka na harufu ya jalala.

Tukafukua shimo moja pale. Juu kulikuwa na tabaka la udongo mwekundu lisilofika hata urefu wa koleo. Chini yake kulikuwa na udongo mweusi wenye majivu, vipande vya vigae na vioo, vifuu vya nazi, kandambili, mabaki ya pempasi, kipande cha mbao za kenchi kilichoanza kuliwa na mchwa, na mifuko ya nailoni iliyokunjamana, ile myembamba ya mikono miwili tuliyokuwa tukifungiwa nyanya sokoni. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Ilivyojaa kwenye shimo lile na ilivyozama ndani ya udongo, hakuna mtu atakayeniambia imedondoka kutoka kwa wapita njia. Mlichota dampo la zamani, mkalifunika udongo mwekundu, mkaniuzia kwa bei ya kifusi cha kuchagua. Hakuna maelezo mengine yanayoingia akilini, na kama mnayo, nayataka kwa maandishi.

Niliuweka udongo huo mweusi kwenye chupa kubwa ya maji, nikajaza maji na kuitikisa, nikaiacha itulie. Kifusi kizuri cha kichanga huzama karibu chote ndani ya muda mfupi na maji juu yanaanza kung'aa. Huu ulibaki na utando wa takataka nyeusi zinazoelea, na hadi kesho yake maji yalikuwa bado mazito kama uji. Hicho mnataka kibebe sakafu ya nyumba?

Ninyi mnauza kifusi kila siku, kwa hiyo mnajua vizuri kwa nini hili si suala la rangi ya udongo. Uchafu ulio hai, yaani mizizi, mbao, vifuu na makaratasi, huoza. Ukioza hupungua, na pale ulipokuwa panabaki tundu. Jamvi likishamwagwa juu yake, zege halitaonyesha kitu kwa miezi kadhaa. Kisha sakafu inaanza kupasuka, vigae vinatoa mlio ukikanyaga, kuta za vyumba zilizosimama juu ya jamvi zinafunguka nyufa kwenye pembe za madirisha. Mbao zilizofukiwa huwaita mchwa, na huku kwetu mchwa akishapata njia ya chini ya nyumba hupanda hadi kwenye fremu za milango. Marekebisho yake ni kuvunja jamvi zima na kutoa kila kitu kwa mkono, ndani ya nyumba ambayo tayari watu wanaishi. Sakafu nimeepuka kuimwaga kwa bahati tu, kwa kuwa saruji ilichelewa.

Kuna jambo la ushindiliaji pia. Kifusi kinatakiwa kiwekwe kwa matabaka, kila tabaka sentimita 15 hadi 20, linyunyiziwe maji ya kiasi, lishindiliwe mpaka liwe gumu, ndipo tabaka la juu yake lifuate. Mashine ndogo ya sahani mliyoleta nguvu yake inaishia kwenye sentimita hizo. Vijana wenu walijaza kina chote kwa mkupuo, wakapitisha mashine juu mara chache, wakapiga picha wakaondoka. Hata kama mngekuwa mmeleta udongo mzuri tupu, usingeshuka sawasawa kwa kazi ile. Kwenye ankara yenu imeandikwa "kujaza na kushindilia kwa matabaka". Matabaka hayo hayakuwepo, na majirani wawili walioshuhudia wako tayari kulisema hilo mbele yenu.

Uwanja nao mmeuacha umeinamia nyumba. Ardhi inayoizunguka nyumba inapaswa kushuka ikielekea nje, na kipimo kinachotumika sana ni kushuka sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Kwangu maji ya mvua yalikwenda kinyume, yakasimama kwenye ukuta wa msingi, na yaliyozidi yakamwagikia kwa jirani yangu wa kushoto, bibi mtu mzima ambaye miaka yote hakuwahi kuingiliwa na maji kutoka upande wangu. Nimemwomba radhi kwa kazi ambayo niliwalipa ninyi muifanye ipasavyo. Hilo limenichoma roho kuliko fedha. Ujazo wa baadhi ya tripu nao haukutimia, kwa sababu mzigo haukufika ukingo wa bodi kama picha zinavyoonyesha, lakini hilo naliacha litatuliwe kwenye hesabu.

Afisa mauzo wenu aliponijibu mara ya mwisho alisema mlinzi alisaini, kwa hiyo mzigo umepokelewa na kampuni haihusiki tena. Siikubali hoja hiyo. Mlinzi alisaini kwamba tipa imefika na imemwaga. Hakuna mtu anayeweza kukagua ndani ya lundo la kifusi usiku kwa tochi, na ninyi ndio mliochagua kuleta usiku. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka mzigo uliouzwa kwa sampuli ulingane na sampuli, na inampa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kuukagua kabla ya kuhesabiwa kuwa ameukubali. Vilevile nilipowaeleza kazi ya kifusi hiki nikategemea utaalamu wenu, mlibeba dhamana ya kwamba kinafaa kwa kazi hiyo. Alisema pia kwamba "kifusi ni kifusi". Naomba mtu mwenye mamlaka kwenye kampuni yenu aniambie kama huo ndio msimamo wa ofisi.

Ninachodai ni kwamba mkitoe kifusi chote mlichokileta usiku, ndani ya msingi na uwanjani, kwa gharama zenu, na mkipeleke dampo linalotambulika. Msikimwage kwenye korongo wala kiwanja kitupu cha mtu mwingine, na mnipe uthibitisho wa kilikopelekwa. Vijana watakaofanya kazi hiyo wapewe buti na glovu, maana kuna vioo, na sijui kama hakuna sindano. Kisha mlete udongo unaolingana na ule wa kirobani, mchana, mimi na fundi tukiwepo, kila tipa ikaguliwe kabla na baada ya kumwaga. Mjaze kwa matabaka na fundi wangu apime kila tabaka kwa nondo kabla ya linalofuata. Mwisho mrekebishe mwinamo wa uwanja, pamoja na mfereji mdogo wa kulinda upande wa jirani. Kama hamwezi kazi hiyo, nirudishieni fedha ya tripu zote za usiku, ya ushindiliaji na ya usawazishaji, na mlipe gharama ya kuondoa taka hizo kwa mkandarasi nitakayemchagua.

Ninawapa siku 14 kuanzia siku mtakayopokea barua hii kunijibu kwa maandishi na kutuma mtu saiti. Masika huanza Machi, na kifusi hiki kikinyeshewa tena kitaingiza maji ya taka kwenye kisima cha jirani kilicho hatua chache kutoka mpakani. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa upande wa kumlinda mlaji, na NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, kwa upande wa kuzika taka kwenye eneo la makazi. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa ameshafika, ameliona shimo, na nakala ya barua hii anayo.

Kuna dai moja la mwisho ambalo halinihusu mimi, na ndilo ninaloomba mlifanyie kazi kabla ya yote. Tipa zenu hazikuishia kwangu. Kwenye mtaa huu peke yake nimeona nyumba nyingine zilizojaziwa usiku katika wiki zilezile, na moja nondo zake za jamvi zimeshasukwa, wanasubiri zege. Mmoja wa wenye nyumba hizo yuko Muscat, anatuma fedha kwa ndugu yake na anaona ujenzi kwenye simu tu. Kwenye picha za simu, kifusi chekundu kinapendeza. Nimemwambia ndugu yake afukue kidogo, akanijibu kwamba kampuni imemhakikishia. Orodha ya waliopelekewa mzigo kutoka chanzo kile mnayo ninyi, pamoja na namba zao. Wapigieni leo, muwaambie wasimwage jamvi mpaka msingi ufukuliwe na kukaguliwa.

Wenu,

Mteja mwenye ankara iliyoambatanishwa
Boko, Dar es Salaam

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa

Viambatanisho: ankara, risiti ya EFD, hati za kupokelea mzigo, picha za shimo na za mabodi ya tipa