Mwache steringi, mtazame shangazi: barua ya wazi kwa shemeji yangu wa Nottingham

Shemeji,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kicheko chako cha dharau. Unasema ulijaribu kutazama mojawapo ya zile filamu za zamani za Uingereza ninazokusumbua nazo ukapitiwa na usingizi: nyeusi na nyeupe, watu wanagombana jikoni, mvua haikatiki, na hakuna anayepigwa risasi. Ukamalizia kwamba wewe ni mtu wa James Bond. Haya, nimekusikia. Jibu langu ni moja: utamu wa picha hizo uko kwa waigizaji wa pembeni, si kwa steringi. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye maoni kama yako ni wengi, na ubishi wa mashemeji ukifanyika chumbani hauna utamu.

Tuanze na huyohuyo Bond wako. Yule mzee wa nyuma ya meza, mwenye uso wa mtu aliyenyimwa usingizi, anayempa Bond kazi na kumkaripia, anaitwa Bernard Lee. Alianza kuwa M, bosi wa majasusi, katika Dr. No ya 1962. Rudi nyuma miaka miwili tu, kwenye The Angry Silence, utamkuta kiwandani akiwa kiongozi wa wafanyakazi. Humohumo mkubwa wa kiwanda ni Geoffrey Keen, ambaye katika Bond za Roger Moore ndiye waziri wa ulinzi. Kwa hiyo usiniambie huwajui watu hawa. Umekaa nao miaka, ila hukuwahi kuuliza walikotoka. Hata Harry Saltzman, mmoja wa watayarishaji wawili walioanzisha Bond sinemani, kabla ya kumshika jasusi alikuwa ametoka kutengeneza Saturday Night and Sunday Morning ya 1960, picha ya makabwela iliyopigwa hapohapo mjini kwako.

The Angry Silence yenyewe nina ugomvi nayo. Richard Attenborough ni mfanyakazi anayekataa kugoma, wenzake wanaacha kusema naye, na mambo yanaishia pabaya. Wagomaji wamechorwa kama watu wasio na akili yao wenyewe, wanaochochewa na mgeni mmoja aliyetoka nje, na mtu aliyewahi kudai malimbikizo yake kazini halimezi hilo kirahisi. Anayeiokoa ni Lee. Hachezi mwovu. Anacheza mtu mwenye cheo kidogo anayekipenda kupita kiasi, na huyo kila ofisi inaye.

Sasa njoo Nottingham, kwenye hiyo Saturday Night and Sunday Morning. Arthur Seaton ni kijana wa mashine ya kukerezea vyuma kwenye kiwanda cha baiskeli. Kiwanda ni Raleigh. Ndiyo, Raleigh hiyohiyo ambayo huku kwetu mzee aliyekuwa nayo, yenye dainamo na keria, alihesabika mtu mwenye uwezo. Alan Sillitoe, aliyeandika riwaya kisha akaandika na filamu yake, alifanya kazi humo akiwa kijana, na baba yake pia. Sehemu ya picha ilipigwa ndani ya kiwanda chenyewe, kwa hiyo zile kelele za mashine si za kubuni. Kazi ya kuunda baiskeli ilikoma Nottingham mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwenye sehemu ya uwanja ule leo pana Jubilee Campus ya chuo kikuu, unapopitaga ukielekea kazini bila hata kugeuza shingo.

Steringi ni Albert Finney, na ni mzuri kweli. Anafanya kazi kwa hasira, anapokea mshahara Ijumaa, anavaa suti, analewa, anatembea na mke wa mfanyakazi mwenzake anayeingia zamu ya usiku. Ila Arthur ana kelele, shemeji. Ukimtazama yeye tu utachoka. Mtazame shangazi Ada. Yule mke akishapata mimba, Arthur anakimbilia kwa shangazi yake kutafuta namna ya kuitoa, na shangazi huyo ni Hylda Baker, mwanamke mfupi, mchekeshaji wa majukwaani, ambaye Waingereza walikuwa wakimcheka kabla hajafungua mdomo, kama sisi tulivyokuwa kwa Mzee Majuto. Hapa hachekeshi. Anamtazama mpwa wake kwa jicho la mtu aliyekwisha kuyaona hayo kwenye ukoo wake, anamsema, kisha anaanza kufikiria la kufanya. Hotuba hakuna. (Bodi ya ukaguzi wa filamu ilikataa jaribio lile lifanikiwe, kwenye riwaya linafanikiwa.) Na mke mwenyewe, Rachel Roberts, alipata BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, kwa nafasi hii, akapata nyingine kwa This Sporting Life ya 1963. Mwangalie anavyoigiza kwa mabega na shingo. Maneno ni ziada tu.

Rafiki wa Arthur, yule mnene mchangamfu, ni Norman Rossington. Huyu ndiye mwigizaji aliyecheza filamu na Beatles na pia na Elvis, akarudi zake kucheza makarani na maaskari. Mtu mwingine angeandika vitabu vitatu kuhusu hilo.

Nina maelezo yangu kwa nini hawa wa pembeni ni hodari hivi. Wengi walipikwa kwenye vikundi vya maigizo vya miji midogo vilivyobadilisha mchezo kila wiki: usiku uko jukwaani na mchezo wa wiki hii, mchana unakariri wa wiki ijayo. Wengine walitoka kwenye majumba ya nyimbo na vichekesho, ambako usipowashika watu dakika ya kwanza unazomewa. Mtu aliyelelewa hivyo ukimpa mistari minne ya mama mwenye nyumba, anakuletea mama mwenye nyumba mzima, pamoja na kodi anayokudai.

Thora Hird ndiye malkia wao kwangu. Alizaliwa 1911 Morecambe, mji wa pwani wa kaskazini, baba yake akiwa meneja wa jumba la maigizo, na kabla ya kuwa mwigizaji kamili alikuwa muuzaji katika duka la ushirika. Naamini alijifunza zaidi pale dukani kuliko jukwaani, maana anajua mtu anavyokaza midomo akiona bei. Katika A Kind of Loving ya 1962 ni mama mkwe. Alan Bates amempa msichana mimba, wameoana harakaharaka, wanakaa kwa mama wa msichana, nyumba safi kama ya kuonyeshea wageni tu. Usiku mmoja kijana anarudi amelewa na kutapika sebuleni. Uso wa Thora Hird hapo ni wa kuusimamisha na kuutazama tena. Ningekueleza zaidi habari za mama wakwe, lakini mama mkwe wako ndiye mama yangu, na barua hii anaweza kusomewa.

Kuna Leonard Rossiter pia, aliyekuwa karani wa bima Liverpool kabla ya kuacha yote akaigize. Anatokea katika This Sporting Life kama mwandishi wa habari za michezo, na katika Billy Liar ni bosi wa duka la mazishi. Sehemu fupi zote mbili. Usipepese macho.

Halafu Kes. Hii si ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kisingizio hicho huna. Ken Loach aliipiga Barnsley, mji wa migodi ya makaa ya mawe, ikatoka 1969: mtoto maskini anayeitwa Billy anamfuga na kumfundisha kipanga huku shuleni na nyumbani kila mtu akimwona si kitu. Watu huizungumzia kwa huzuni, na ni haki yao, lakini wanasahau kutaja kwamba ndani yake kuna mechi ya mpira inayochekesha kuliko zote nilizowahi kuona kwenye filamu. Mwalimu wa michezo, mtu mzima mwenye kipara na kitambi, amevaa jezi ya Manchester United, amejitangaza kuwa Bobby Charlton, nyota wa timu hiyo, ni mwamuzi na ni mchezaji kwa wakati mmoja. Anawaangusha watoto, anajipa penalti, akikosa anaamuru irudiwe. Lau DJ Afro angeitia sauti mechi ile, vibanda vya video vyote vya Afrika Mashariki vingefunga barabara. Baada ya hapo anamlazimisha Billy kukaa chini ya bomba la maji baridi, na kicheko kinakukwama kooni.

Mwalimu huyo ni Brian Glover, na kabla ya hapo hakuwahi kucheza filamu. Alikuwa mwalimu kweli, Barnsley hapohapo, na jioni alikuwa mwanamieleka aliyejiita Leon Arras, mtu wa Paris. Paris! Barry Hines, mwandishi wa kitabu, alikuwa anamfahamu. Yule mwalimu mpole wa Kiingereza, Colin Welland, naye aliwahi kufundisha, na miaka ya baadaye akapata Oscar kwa kuandika Chariots of Fire. Kuna na mkuu wa shule anayechapa fimbo viganjani kundi la wavulana, akiwemo mdogo mmoja aliyetumwa tu kuleta ujumbe. Mtoto anajaribu kujieleza, hasikilizwi, anachapwa na wenzake. Wewe na mimi tumesoma shule za serikali, sina haja ya kukueleza kwa nini hapo nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji.

Sasa usije ukadhani siri ni kuzaliwa kwenye umaskini. Irene Handl alicheza wake wa makabwela na wafagiaji wa London kwa miaka mingi, na baba yake alikuwa mwenye benki kutoka Vienna. Mtazame katika I'm All Right Jack ya 1959. Peter Sellers ni Fred Kite, kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayeitukuza Urusi na kuitisha mgomo kwa kila jambo. Mkewe, Handl, akichoshwa naye anagoma yeye: hapiki, hafui. Ni picha inayowacheka wakubwa na wadogo kwa kipimo kimoja, ndiyo maana naipenda kuliko The Angry Silence. Na Sid James, yule mwenye uso wa mikunjo na kicheko cha mchafu, ambaye Mwingereza yeyote atakuapia ni mtoto wa London, alizaliwa Afrika Kusini na alifika Uingereza baada ya vita. Mwaka 1951 alikuwa tayari ni mwizi wa mtaani katika The Lavender Hill Mob.

Najua utauliza: na sisi weusi, tumo? Tumo, kwa uchache. Katika A Taste of Honey ya 1961, Rita Tushingham ni msichana wa Salford, mji jirani na Manchester, anayeachwa peke yake na mama yake mpenda wanaume, na anayemwonyesha upole kwanza ni baharia mweusi, mpishi wa meli, anayeitwa Jimmy. Aliyemcheza ni Paul Danquah, mtoto wa J. B. Danquah, mwanasiasa maarufu wa Ghana aliyefia kizuizini 1965. Mwenyewe alisomea sheria. Mandhari yao ni mfereji wa meli, madaraja na watoto wa mtaani wanaoimba, na kwa wakati ule kuwaonyesha wawili hao wakibusiana bila kuwahukumu halikuwa jambo dogo. Lalamiko langu ni kwamba Jimmy anapanda meli na picha inamsahau, wakati mimi nilitaka kwenda naye. Anayebaki kumtunza msichana mjamzito ni Murray Melvin, kijana mwembamba ambaye mtaa unamcheka kwa sababu hapendi wanawake. Yeye na Tushingham walizawadiwa wote wawili kwenye tamasha la filamu la Cannes. Mchezo wenyewe uliandikwa na Shelagh Delaney, binti wa Salford, akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, na inaonekana: ndiyo pekee kati ya hizi nilizotaja ambamo mwanamke si mzigo wa steringi.

Na hilo ndilo doa la kundi zima. Vijana wenye hasira wanazungumza, wanawake wanalipa. Ukitazama nyingi mfululizo utaliona, na utazidi kuwashukuru akina Hylda Baker na Thora Hird, waliopewa mke mkali au mama mkorofi kwenye karatasi wakamfanya mtu.

Huko kwenu kuna chaneli ya bure, Talking Pictures TV, inayoonyesha picha za aina hii mchana na usiku, kwa hiyo usinidai bando. Usianze na Kes kama kesho yake una zamu ya alfajiri. Anza na Hobson's Choice ya 1954, ya David Lean: Charles Laughton ni mwenye duka la viatu Salford, mlevi anayewatumikisha binti zake bila mshahara, na John Mills ni fundi mwoga anayeshona chini ya sakafu na kuchungulia kupitia tundu kila anapoitwa. Binti mkubwa, Brenda de Banzie, anaamua kumwoa fundi huyo. Ndiyo, yeye ndiye anayeoa. Fundi anaarifiwa tu. Itazame na dada. Atakucheka, na ataniunga mkono.

Baada ya hapo ucheze mchezo ninaoucheza mimi: kumsaka Sam Kydd. Alitekwa na Wajerumani 1940, akakaa kambini hadi mwisho wa vita, akarudi na kucheza katika filamu zaidi ya 200: dereva, mbeba mizigo, baharia, mfungwa, mtu wa baa. Mara nyingi ana sentensi moja na anaondoka. Ukimwona, piga picha ya skrini unitumie, na dada athibitishe, maana wewe nakujua.

Shemeji yako,
Tanga