Kwa binti wa kaka yangu: usimruke mama yake Dangun

Mwanangu,

Uliniambia kwenye simu kwamba hadithi ya Dangun, yule mwanzilishi wa ufalme wa kwanza wa Korea, ni ya kitoto, eti mwanzilishi wa ufalme atazaliwaje na dubu. Nimeona nikuandikie, maana kwangu huyo dubu ndiye kiini chake.

Hwanung, mwana wa bwana wa mbinguni, alishuka kutoka mbinguni hadi mlima Taebaek na wafuasi 3,000, wakiwemo wasimamizi wa upepo, mvua na mawingu. Dubu na chui milia waliokaa pango moja wakamwomba awafanye binadamu. Akawapa mmea mchungu wa jamii ya pakanga na punje 20 za kitunguu saumu, akawaambia wasione jua siku 100. Unajua kitunguu saumu kibichi kinavyochoma ulimi. Sasa kula hicho tu, gizani, na mwenzako kando anahema kwa hasira. Chui milia yakamshinda, akatoka. Dubu akavumilia, na siku ya 21, kabla hata ya hizo 100 kutimia, akawa mwanamke. Ndiye Ungnyeo.

Wasimulizi wengi wakifika hapo hukimbilia mtoto. Mimi hubaki na huyu mama: amepata utu, lakini hana ndugu wala wa kumwoa, na kila siku yuko chini ya mti mtakatifu anaomba mtoto. Hwanung akajigeuza mtu, akamwoa, akazaliwa Dangun. Huyo akaweka makao yake Pyongyang na kuiita nchi Joseon. Kwa hesabu ya mapokeo, mwaka 2333 kabla ya Kristo.

Tunaijua hadithi hii kupitia Samguk Yusa, kitabu cha mtawa wa Kibudha Iryeon, cha karne ya 13, baada ya Wamongolia kuivamia Korea miaka na miaka. Watu waliochomewa miji yao walihitaji kukumbushwa kuwa wana chimbuko moja. Hilo si jambo la kitoto, mwanangu.

Hadi leo, Oktoba 3 ni sikukuu Korea Kusini, siku mbingu zilipofunguka. Kaskazini nako walijenga kaburi kubwa karibu na Pyongyang, likakamilika 1994, wakidai wamepata mifupa ya Dangun. Madai hayo mimi siyakubali, wala hadithi haiyahitaji. Ila linanigusa hili, kwamba nchi imekatwa vipande viwili na babu wanayemtaja ni yule yule.

Ukiwasimulia wenzako, anzia pangoni. Kisha unipigie, nataka kusikia wangapi walimtetea chui milia.

Shangazi yako