Barua ya wazi kwa Mheshimiwa anayetupangia mafunzo ya gesi: tuambie ni lini

Mheshimiwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu za heshima kutoka Mtanda, Lindi. Sikutaji jina wala cheo, maana wanaopanga mafunzo ya vijana wa huku ni wengi na kila tukiuliza tunaambiwa suala hilo liko ofisi ya jirani. Ukisoma mpaka katikati utajijua mwenyewe.

Alhamisi iliyopita mkandarasi mmoja alikuja kutafuta wachomeleaji. Haukuwa mradi mkubwa, ni kazi ya mabomba ya miezi michache tu. Kabla jua halijachomoza tulikuwa watu zaidi ya sitini getini, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Mimi nilivaa shati nililovaa siku ya mahafali. Zamu yangu ilipofika, kijana aliyekaa mezani alikitazama cheti changu, akakigeuza upande wa nyuma, akaniuliza mara ya mwisho kuchomelea bomba na kupimwa ilikuwa lini. Nikamwambia 2015. Hakunidharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinieleza kwa upole kwamba mchomeleaji wa mabomba akikaa miezi sita bila kuifanya kazi ya aina ile, sifa yake inakufa na lazima apimwe upya. Miezi sita, Mheshimiwa. Mimi yangu imepita miaka kumi.

Naomba nikukumbushe tulivyofika hapa, kwa sababu nahisi faili letu limepotea.

Mwaka 2012 ujenzi wa bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam ulipoanza, nilipata kibarua cha ulinzi wa usiku kwenye eneo moja la kuhifadhia mabomba. Nililala juu ya mabomba ambayo mchana yalichomelewa na watu waliotoka mbali. Sikuwaonea wivu, walikuwa mafundi kwelikweli. Ukipitisha kidole kwenye kiungo unadhani bomba lilizaliwa hivyo. Nikasema na mimi nitakuwa fundi wa namna hii. Ikaja Mei 2013, zile vurugu za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na yaliyotokea Mtwara sitaki kuyarudia, waliofiwa bado wapo. Baada ya hapo ahadi zilishuka kama mvua ya masika. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema vijana wa kusini someni, jiandaeni, fursa hizo zinakuja.

Tukasoma. Mzee wangu ana mikorosho Nachingwea. Msimu ulikuwa bado mbali na ada ilitakiwa, akauza kangomba, korosho zikiwa bado maua. Wewe huenda hujui kangomba ni nini, mwulize dereva wako akiwa mtu wa huku. Ni kuuza kwa bei ya kutupa kitu ambacho ungesubiri miezi michache ungepata mara mbili au tatu. Mwaka ule nyumbani tulikula mihogo mpaka watoto wakawa wanalia wakiona sufuria.

Chuoni tulikuwa ishirini na nane kwa mashine tatu za kuchomelea, na moja ilikuwa mgonjwa. Walimu sina ugomvi nao, walifundisha kwa walichonacho. Mabomba ya mazoezi yalikuwa machache, tukayachomelea, tukayakata, tukayachomelea tena pale pale, hadi mengine yakawa makovu matupu. Rodi tuligawana kama sigara za jela. Mtihani wa bomba wenyewe si mchezo: linafungwa kwa mshazari wa nyuzi 45 na haligeuzwi, wewe ndiye unalizunguka, unaanza umepiga magoti na unamaliza shingo imepinda, cheche zinakuingia kwenye kola. Kisha linapigwa eksirei, na vitundu ambavyo jicho halivioni vyote vinaanikwa. Mazoezi ya kitu kama hicho yanakula chuma. Huwezi kuyafanya kwa ubao na chaki.

Nilihitimu 2015. Oktoba ya mwaka huohuo bomba likazinduliwa, kwa ngoma na vitambaa. Yaani nilimaliza kujifunza kuunga bomba wakati bomba limeshamaliza kuungwa. Hapo ndipo penye barua yangu yote, Mheshimiwa. Mengine ni maumivu tu.

Tukaambiwa tusivunjike moyo, kinakuja kiwanda kikubwa cha kusindika gesi Likong'o, hapa hapa Lindi, kuigandisha iwe kimiminika na kupakiwa melini. Juni 2022 tuliona makubaliano ya awali yakitiwa saini, tukashangilia, mama ntilie wa hapa jirani akagawa chai bure. Mpaka naandika, nikipita Likong'o sijaona tingatinga. Sikulaumu kwa mazungumzo kuchukua muda, nasikia ni ya mabilioni ya dola na wanaozungumza ni wajanja. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha mkoa wetu huu, iligunduliwa 1974 ikaanza kufika Dar es Salaam 2004, kwa hiyo watu wa Lindi kusubiri tunakujua. Ninachokulaumu ni kuniambia nijiandae bila kuniambia kwa lini. Ujuzi wa mkono ni kama samaki, ukimtoa baharini na mnunuzi hayupo anaoza, haijalishi ulimvua kwa ustadi gani.

Babu yangu naye alijiandaa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipofika Nachingwea baada ya 1947 alifundishwa kuendesha trekta, akapewa na buti. Wakajenga reli, wakajenga bandari ya Mtwara. Karanga zikakataa, mradi ukafa 1951, na baadaye hata reli ikang'olewa. Babu akarudi kwenye jembe na yale buti. Alikuwa akituambia trekta lina gia ngapi, sisi tunacheka, tunaona ni hadithi za wazee. Sasa mimi ndiye ninayewaambia watoto namna ya kuunga bomba.

Kwa nini mambo yako hivi sijui vizuri, nabahatisha. Nadhani anayejua tarehe ya mradi na anayejaza wanafunzi darasani hawakai meza moja. Huyu ana siri za mikataba, yule ana lengo la kudahili vijana kadhaa kwa mwaka, kila mmoja anatimiza lake na ripoti inapendeza. Kijiweni wapo wanaosema ni makusudi, kwamba kusini tunapewa vyeti ili tunyamaze. Mimi sijafika huko. Ingawa wiki hii nimekaribia.

Kuna jambo jingine halisemwi majukwaani. Kiwanda cha namna ile kikijengwa kinahitaji maelfu ya watu kwa miaka michache. Kikishawashwa kinaendeshwa na mamia tu. Sasa mnatufundisha kwa ajili ya lile kundi la kwanza au la pili? Wa kwanza ni wachomeleaji, wafunga vyuma, wafunga majukwaa ya kupandia mafundi, mafundi umeme, madereva, wapishi. Wa pili ni watu wa vyumba vya mitambo, na huyo humtoi kwenye kozi ya miezi mitatu, unaanza naye akiwa bado sekondari anahangaika na hesabu na fizikia, kwenye shule ambazo huku kwetu mwalimu wa fizikia akihamishwa ni msiba wa kijiji. Na Kiingereza. Alhamisi ile waliopita meza ya kwanza walipewa karatasi ya maelekezo ya kazi, yote Kiingereza: unene wa chuma, aina ya rodi, kiwango cha umeme. Jamaa yangu mmoja mkono wake ni dhahabu, aliishika ile karatasi akanitazama kwa mbali. Akaondoka kabla ya kupimwa.

Najua utasema fedha hakuna. Waajiri wanakatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kila mwezi, imeanza tangu sisi tuko shule ya msingi. Sehemu yake ikigeuka kuwa mabomba chakavu na rodi, itakuwa imeendeleza ufundi kweli.

Mimi leo naunda grili za madirisha na mageti. Ni kazi ya halali, nalisha watoto watatu, ila umeme ukikatika nakaa mlangoni kutwa nikipiga soga, katika mkoa ambao gesi yake inawasha taa za Dar es Salaam. Grili haiulizi nyuzi 45. Mwaka jana nilinunua kipande cha bomba kwa muuza vyuma chakavu, nikakifunga kwenye mti nyuma ya kibanda nijikumbushe. Rodi za kazi ile ni ghali, nikachomelea robo ya mzunguko zikaisha. Kipande bado kipo, kuku wanakilalia.

Sikuombi ajira. Naomba mtubandikie karatasi moja kwenye ofisi ya kata: fani gani, watu wangapi, waanze kusoma lini ili wamalize lini. Kama tarehe haijulikani, iandikwe haijulikani, mtu aamue mwenyewe kama auze korosho zake zikiwa maua. Na sisi tuliokwisha kusoma, mtuletee kituo cha kupimia hapa hapa Lindi au Mtwara, tupimwe kila miezi sita kama wanavyotaka wenye kazi, tusisafiri mpaka Dar es Salaam kwa nauli ya kukopa. Hilo la pili likishindikana, basi lile la kwanza. Karatasi moja tu. Hata ikiandikwa kwa mkono.

Nakuharakisha kwa sababu Jumapili mdogo wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, alikuja na fomu ya chuo. Kuna kiongozi alipita shuleni kwao akawaambia wajiandae, fursa za gesi zinakuja. Aliyasema maneno yaleyale, Mheshimiwa, sijui kama mnaachiana daftari. Binti anataka uchomeleaji wa mabomba kama kaka yake. Mzee ameshaanza kuulizia wanunuzi wa kangomba.

Fomu inarudishwa Ijumaa ijayo. Tumejaza kila kitu kwa kalamu ya bluu isipokuwa pale wanapouliza fani unayoomba. Hapo tumepaacha wazi, tunakusubiri wewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi grili, Mtanda, Lindi