Malalamiko kuhusu kasha la kompyuta la "kimya" lisilonyamaza

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Aprili 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Meneja,

KUH: KASHA LA KOMPYUTA NILILONUNUA KWENU TAREHE 14 JANUARI 2025

Nimewatumia ujumbe wa WhatsApp mara tano na barua pepe mbili. Jibu lenu la mwisho, la tarehe 2 mwezi huu, lina sentensi moja: waranti haihusu kelele. Nililisoma, nikalisoma tena, kisha nikampa mwanangu alisome, nisije nikawa mimi ndiye nisiyeelewa. Kasha hili mmeliuza kwa neno moja tu, kimya. Limeandikwa kwenye boksi, limeandikwa kwenye tangazo, na ndilo lililonitoa shilingi 38,500, ilhali kasha la kimo kama chake lisilo na majigambo ningelipata hapa hapa Mombasa kwa chini ya nusu ya bei. Basi kama waranti haihusu kelele, inahusu nini? Rangi?

Niwaeleze kwanza kwa nini jambo hili si deko. Kazi yangu ni kurekodi sauti: kaswida, matangazo ya redio, na siku hizi vitabu vya kusikiliza. Narekodi nyumbani, ghorofani, katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Kuta zake ni nene hata tuktuk ikipita chini ya dirisha waweza kudhani iko mtaa wa pili, na hiyo ni neema. Balaa ni upana. Waliojenga nyumba hizi walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, na chumba hakikuweza kupita urefu wa boriti. Changu hakifiki mita 3. Kwa hivyo kompyuta na maikrofoni vinaishi pamoja kama mke na mume, vipende visipende. Hakuna pa kuisukuma kompyuta.

Ndiyo maana nikatafuta kasha la kimya, tena la mnara mrefu. Kasha kubwa linabeba feni za milimita 140, na feni kubwa inasukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache kuliko feni ndogo. Ikizunguka polepole haisikiki. Hilo nilikuwa nalijua kabla ya kuliona tangazo lenu. Wateja wangu wa vitabu wanafuata kipimo cha ACX, soko la mtandaoni la vitabu vya kusikiliza: nikinyamaza mbele ya maikrofoni, kelele inayobaki kwenye rekodi isizidi desibeli -60 (kwenye rekodi, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndivyo kimya kinavyozidi). Ikizidi, faili inarudi na malipo yanangoja.

Mzigo ulikuja kwa basi, nikauchukua Mwembe Tayari. Kilo 16 na ushei, kimo sentimita 60. Hamali aliusukuma kwa mkokoteni mpaka mwanzo wa uchochoro, kutoka hapo akajitwika, na ngazi za nyumba zetu anazijua aliyezipanda. Nauli na hamali vilikula shilingi 1,900. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu nitairudia.

Sitasema uongo, kasha lina mazuri yake. Fundi wangu wa Bondeni, mtu asiyesifu kitu, alisifu nafasi ya nyuma ya madabodi, ule ubao mkuu unaoshika vifaa vyote: nyaya zote zilipita kule, haukubaki hata mmoja mbele wa kuzuia hewa. Madabodi yangu ni ya kimo kikubwa kiitwacho E-ATX, milimita 305 kwa 330, na iliingia bila kugombana na chochote. Machujio ya vumbi yanachomoka kwa mkono mmoja. Nayaosha bombani kila Ijumaa, nayaanika, yanarudi. Aliyechora kasha hili alijua kazi yake. Ugomvi wangu ni na aliyepunguza bati.

Tangazo lasema mbavu za kasha ni chuma cha milimita 1.0. Nilianza kushuku usiku wa kwanza. Nina diski mbili za kuzunguka, za mizunguko 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kila sekunde, na mvumo wake ni wa hezi 120, sauti nene kama ya mtu anayeguna akiwa amefunga mdomo. Diski hizo hizo, ndani ya kasha langu la kale, nilikuwa nimezisahau kabisa. Humu zinaimba. Nikiweka kiganja kwenye bati la ubavuni, mvumo unakatika, nikiondoa, unarudi. Maana yake si diski inayolia. Ni bati linaloitikia, kama ngozi ya ngoma. Nikalifungua, nikalipeleka kwa fundi wa mabati mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, akalipima mahali sita mbele ya macho yangu: milimita 0.7, pote. Picha za kipimo nimeziambatisha.

Hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Sifongo mliyobandika ndani inameza sauti nyembamba, ule mluzi wa feni. Sauti nene haimezwi na sifongo ya unene wa sentimita moja. Hiyo inazuiwa na uzito. Ukipunguza chuma kwa karibu thuluthi, umepunguza kitu chenyewe kilichotakiwa kufanya kazi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Langu limejaa vifaa vya zaidi ya shilingi laki mbili, na linavuma vile vile.

Halafu joto. Tangazo limeandika desibeli 18. Kwa umbali gani? Feni zikizunguka kwa kasi gani? Chumbani mna nyuzi ngapi? Hamkusema. Mnong'ono ni kama desibeli 30, kwa hivyo 18 ni karibu na hakuna kitu. Naamini kuna mtu aliipata 18 hiyo, mahali fulani, katika chumba cha kuvalia sweta, kompyuta ikiwa imekaa bure. Mimi niko Mombasa. Februari, ninaporekodi, nafunga madirisha, nazima feni ya dari, kiyoyozi nacho siwezi kukiwasha kwa sababu ya sauti yake, na chumba kinafika nyuzi 31. Hewa hiyo ya nyuzi 31 ndiyo inayotegemewa kuipoza mashine. Tena inaingia kwa taabu, kwa kuwa mlango wa mbele wa kasha ni ubao mzima uliovikwa sifongo, na njia ya hewa ni mianya miwili ya pembeni ambayo kidole changu cha shahada kinaiziba.

Nikichanganya kaswida yenye sauti nyingi, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapanda hadi nyuzi 93 na feni zinatoka mizunguko 700 kwa dakika hadi 1,400. Kasi ya feni ikiwa maradufu, kelele yake hupanda kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu kila desibeli 10 kuwa kelele mara mbili. Hapo neno kimya limekwisha kazi. Nikiufungua mlango wa mbele, prosesa inashuka hadi nyuzi 76 kwa kazi ile ile, lakini sauti yote inatoka moja kwa moja usoni pa maikrofoni. Nimepima kwenye rekodi: mlango ukiwa wazi, desibeli -47. Mlango ukifungwa na mashine ikiwa imepoa, -58. Yaani hata katika hali yake njema kabisa sifiki -60, na kilichozuia ni lile bati.

Kijana wenu wa WhatsApp alinijibu, "Madam, hiyo ni kawaida, fungua tu mlango wa mbele." Ana adabu na anajibu upesi, simlaumu. Lakini ni sawa na kuuziwa mwavuli kisha ukaambiwa mvua ikinyesha uufunge.

Najua kimya na ubaridi ni majirani wanaogombania ukuta. Kila kasha la aina hii linatoa kidogo cha hiki lipate kidogo cha kile, na nilikuwa tayari kwa hilo. Mngeandika tu kwamba desibeli 18 ni katika chumba cha baridi na mashine isiyo na kazi, ningepiga hesabu zangu. Pengine nisingenunua, na pengine ndiyo sababu hamkuandika.

Kilichonifanya niache kubembelezana na simu nikaandika barua ni usiku mmoja wa Ramadhani. Tarawehe zimekwisha, mitaa imetulia, yapata saa sita na nusu. Nilikuwa na msomaji, mzee aliyevuka feri kutoka Likoni, sauti yake nzito na safi, watu kama yeye wamebaki wachache. Katikati ya ukurasa, krrrrr. Tukadhani panya. Tukangoja. Krrrrr tena, na harufu ya kitu kinachopata moto. Nikazima, nikafungua: sifongo ya ubavu wa kushoto imebanduka kuanzia juu, imejikunja, imelalia feni za kadi ya michoro. Gundi imekuwa kama halua iliyosahauliwa juani, ukiigusa inavutika na kidole. Mzee akachungulia, akasema, "Mwanangu, hiki chombo chako chajivua gamba."

Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kadi ilinusurika. Kikao kiliharibika, mzee nikamlipia teksi arudi siku ya pili yake, na kitabu kikachelewa. Kasha lilikuwa halijatimiza miezi mitatu. Mnauza bidhaa pwani, ambako hata kisu cha jikoni kisipofutwa kinapata kutu. Joto na unyevu wa huku havikupaswa kuwashtua.

Na feni ya tatu iko wapi? Picha ya tangazo ina tatu, maandishi yasema tatu, boksini mlikuwa na mbili. Nikaambiwa ya tatu "inauzwa kando". Hilo sitalizungumza zaidi, aibu yake inatosha.

Sikuanza na sheria kwa sababu napenda tumalizane kiungwana, ila mjue kwamba nimeisoma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na 0.7 hailingani na 1.0 hata ukiipima kwa kalipa ya mjomba. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo haimruhusu muuzaji kuipa bidhaa sifa isiyokuwa nayo. Hakuna kati ya hizo inayosema kelele haihusiki.

Sitaki kasha jingine kama hili kutoka rundo lile lile. Nataka mabati mawili ya ubavuni ya milimita 1.0 mlizoandika wenyewe, yakiwa na sifongo iliyoshikwa na gundi inayostahimili joto, pamoja na feni yangu ya tatu, vyote viletwe kwa gharama yenu. Kuivunja mashine nzima na kuipanga upya ni siku nzima ya fundi, kwa hivyo naona njia hiyo ina nafuu kwangu na kwenu. Kama mabati hayo hamnayo, basi nirudishieni shilingi 38,500, pamoja na zile 1,900 za nauli na hamali, kisha mtume mtu wenu aje alichukue kasha. Mimi sishuki nalo ngazi. Na lolote mtakaloamua juu yangu, tangazo lenu lirekebishwe, kwa sababu jana bado lilikuwa linasema 18.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu la maana, nakala itakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikiwa na viambatisho vyote.

Nimeweka humu nakala ya risiti, picha ya tangazo lenu kama lilivyokuwa Januari, picha za kipimo cha bati na za sifongo iliyobanduka. Nimeambatisha pia rekodi ya sekunde 40: ishirini za kwanza kiganja changu kiko juu ya bati, ishirini za mwisho nimekiondoa. Isikilizeni kwa vipokea sauti vya masikioni, si kwa spika ya simu. Mkitaka kunipigia, pigeni mchana. Baada ya Isha huwa narekodi.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu wa Kibokoni