Niliahidi somo kila siku, sasa mkono hauendi

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu na sikudhani kuna siku nami nitakuandikia. Lakini jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo kwa majuma matano sasa, na kila niliyemuuliza ana maslahi yake katika jibu analonipa. Nataka kusikia kutoka kwa mtu asiye na chake humu ndani.

Mimi ni fundi cherehani. Zaidi ya miaka miwili iliyopita nilianza kufundisha kushona kwa video fupi mtandaoni, na sababu yenyewe ilikuwa ndogo tu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amehama, akaniomba nimkumbushe jinsi ya kutia kola ya shati. Nikairekodi kwa simu, nikamtumia, kisha nikasema moyoni kwa nini nisiiweke wazi, huenda akawepo mwingine anayehangaika na kola. Walikuwepo wengi kumbe. Nikaweka nyingine ya mfuko wa pembeni, nyingine ya kupunguza kiuno cha suruali. Nilikuwa naweka nikipata nafasi, wakati mwingine juma likapita kimya. Wafuasi wakafika 3,000 na sikujua hata wametokea wapi. Shangazi, nilikuwa na raha. Mtu ananiandikia kwamba ameshona sketi yake ya kwanza, nami naitazama ile picha kama aliyeishona ni mimi.

Ndipo mdogo wangu wa kiume alipoingia. Yeye ana mkono mwepesi wa kuhariri, na kazi za mitandao anazielewa. Akaniambia, "Dada, ukitaka akaunti ikue, posti kila siku, saa ile ile, bila kukosa." Nikakubali, tena nikatangaza kwa mdomo wangu mbele ya kamera: kila siku saa moja jioni, somo jipya. Alikuwa na haki. Leo wafuasi wamefika 41,000. Ila mimi ndiye niliyekwisha.

Niieleze kidogo kazi ya video moja, maana watu huona ile dakika moja na kudhani imechukua dakika moja. Kitambaa lazima kikatwe na kupigwa pasi. Mshono mmoja naurekodi mara mbili, kwa mbele na kwa ubavuni, kwa sababu mkono wangu unaificha sindano. Sauti naiweka baadaye, kwani cherehani ina kelele. Kisha maandishi, picha ya mbele, na kujibu komenti katika saa ya kwanza, ambayo mdogo wangu husema ndiyo saa yenyewe. Kazi yote hula muda wa saa tatu hivi, na kuna siku hufika saa nne, na hapo nguo za wateja zinanisubiri. Juzi usiku nilikuwa narekodi jinsi ya kutia uzi kwenye cherehani, jambo nililolifanya tangu nikiwa msichana mdogo. Taa ya duara inaniwakia usoni, nashika uzi, nalenga tundu, uzi unapita pembeni. Nikaulamba, nikarudia. Ukapita pembeni. Mara ya sita nikaizima taa, nikakaa gizani na uzi wangu mkononi, na machozi yakaanza kunitoka bila mtu kunigusa.

Kupumzika nilijaribu mara moja, na sikujaribu kwa hiari. Homa ilinilaza siku nne. Niliporudi, video iliyozoea kutazamwa mara 20,000 ikaishia 3,000. Mdogo wangu akaniwekea simu mbele yangu, akanionyesha ile grafu ilivyoporomoka. "Unaona, Dada? Algoriti imetuadhibu." Yaani ule mfumo wa mtandao unaochagua nani aonyeshwe video ipi. Tangu siku hiyo sijakosa hata jioni moja. Nimerekodi nikiwa na kikohozi, nimerekodi siku ambazo sikuwa na la kufundisha.

Kilichonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni zipu.

Nilifundisha kutia zipu ya kuficha. Anayeijua kazi hii anajua kwamba zipu ile haitaki papara. Unayalaza meno kwa pasi ya uvuguvugu, unaipiga bandi, yaani unaishikiza kwa mkono kwa uzi wa muda, unaangalia pande mbili zimelingana, ndipo unaipeleka kwenye mashine. Video ikatoka dakika moja na sekunde ishirini. Mdogo wangu akasema watu hawatafika mwisho, lazima iwe chini ya dakika. Tukatafuta pa kukata, tukakata bandi. Mimi mwenyewe nilisema, "Sawa, itoe."

Baada ya siku kumi hivi akaniandikia mama mmoja. Ile ilikuwa zipu yake ya kwanza, gauni la satini alilotaka kulivaa siku binti yake anahitimu. Picha aliyonitumia ninayo hadi leo. Upande mmoja kitambaa kimejikunja kama kimepigwa ukosi, upande wa pili kimenyooka, na kandokando ya zipu kuna safu tatu za vitundu vidogo, moja kwa kila mara aliyoishona na kuifumua. Satini ikishatobolewa na sindano imetobolewa, haizibiki. Akaandika: "Mwalimu, nimefuata kila ulichosema. Labda ni mkono wangu mzito."

Mkono wake haukuwa na kosa, Shangazi. Alifuata kila nilichosema, na nililolinyamazia ndilo lililomharibia gauni. Nikamjibu ukweli, nikamwelekeza kwa maandishi, nikamwomba radhi. Nilitaka kuirudia video nzima siku ile ile. Sikuirudia, kwa sababu saa moja jioni ilikuwa inakaribia na somo la siku hiyo lilikuwa halijakatwa hata kitambaa.

Usiku ule nilikaa nikisoma kuhusu uchovu wa namna hii. Nikakuta kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwenye toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022. Halikuuita ugonjwa. Limeuita hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, na limetaja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona huzalishi kama zamani. Ya kwanza na ya tatu nilikuwa nazijua. Ya pili ndiyo iliyonishtua. Siku hizo hizo mtu alikuwa ameniuliza atumie mguu gani wa cherehani, kile kidude kinachokandamiza kitambaa, kwa kitambaa cha jezi, swali la kawaida kabisa, nami nilihisi hasira, kama amenidai kitu. Mimi, ambaye zamani swali kama hilo lingenipa furaha ya siku nzima.

Nikasoma pia kuhusu Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1974. Aliiona kwa watu waliojitolea kuhudumu kwenye kliniki ya bure, na waliochakaa haraka walikuwa wale wenye moyo zaidi. Pale niliisukuma simu kando nikanyamaza kwa muda.

Sitaki kumbebesha mdogo wangu lawama. Mitandao yenyewe imejengwa hivyo. Instagram tangu 2016 iliacha kupanga posti kwa kufuata muda tu, na zile Stori zake hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo mtu anajiona daima yuko nyuma. Lakini nilipokaa na takwimu zangu mwenyewe, nikaona jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza. Video iliyotazamwa kuliko zote kwa miezi mitatu iliyopita ni ile ya kola. Ile ya kwanza, niliyorekodi kwa mkono mmoja, haina picha ya mbele wala maandishi. Watu bado wanaitafuta kwa sababu bado wana kola za kutia. Na ile iliyoanguka baada ya homa ilikuwa ya kushona tundu la kifungo kwa mkono, kazi ambayo siku hizi wachache wanaihitaji. Je, tuliadhibiwa kweli, au somo lenyewe halikuwa na wengi wa kulitaka? Siwezi kuapa. Ila sioni kwa nini tuliamua mara moja kwamba kosa ni kupumzika.

Nimeangalia na wenye majina makubwa. Mwaka 2018 Elle Mills wa Kanada, akiwa na miaka 19, aliweka video YouTube akieleza jinsi alivyofika mwisho wa nguvu zake wakati ndoto yake imetimia. Mwingereza Tom Scott alitoa video kila wiki kwa miaka 10, kisha Januari 1, 2024 akaaga. Kila wiki, Shangazi, si kila siku, na hata hivyo alifika mahali akasimama.

Kwa hiyo nina mpango. Nataka masomo mawili kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Nitenge siku moja ya kurekodi masomo manne kwa mpigo, taa ikiwa imeshawekwa na pasi imeshapata moto, kisha niyapange yajipandishe yenyewe kwa tarehe zake, kwani mitandao inaruhusu. Siku nyingine zote cherehani iwe ya wateja na simu iwe simu. Na kila somo lichukue urefu linaoutaka. Tangu Oktoba 2024 video fupi za YouTube, zile ziitwazo Shorts, zinaweza kufika dakika 3. Zipu yangu ingeenea na bandi yake na nafasi ingebaki.

Ukiusoma mpango huu utasema basi, anza. Nami ningeanza, kama si mambo matatu.

Kuna kampuni moja inayouza vifaa vya ushonaji. Tulisaini nayo mkataba wa video 24 kwa mwezi, na katika kila video uzi wao uonekane. Imebaki miezi miwili. Nilisaini mwenyewe na sikulazimishwa.

Kuna mdogo wangu. Huyu ndiye anayeniuma zaidi. Hakuwa na kazi. Kuhariri video zangu kumemfanya aamke asubuhi na kitu cha kufanya, na sasa watu wengine wawili wamempa kazi kwa sababu wameona mkono wake kwangu. Nilipomgusia kupunguza, hakunigombeza. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi nitafanya nini siku nyingine tano?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo anahariri haraka kuliko zamani, kama mtu anayetaka kunithibitishia kwamba mzigo haupo.

Na kuna wale wanaonisubiri. Nina mfuasi mmoja, mzee aliye kitandani kwa muda mrefu, ambaye hashoni kabisa. Anasema ikifika saa moja jioni huiweka video yangu na kusikiliza mashine ikienda, inamkumbusha mke wake. Hukomenti kila siku maneno mawili, "Nipo hapa." Siku nne zile za homa aliandika mara nne kuuliza kama niko salama. Hao 41,000 mimi siwaoni. Huyu mmoja namwona.

Sasa naomba ushauri wako, na wa wasomaji wenzangu mlio na akaunti zenu. Nikipunguza, niwatangazie watu waziwazi kama nilivyotangaza ile ahadi, au nipunguze pole pole na kuacha wazoee? Mdogo wangu anasema ukitangaza umechoka, watu wanaanza kukuhesabu umeshaondoka. Mimi nahisi kwamba niliyoahidi kwa mdomo, kwa mdomo niyaondoe. Kampuni niifuate sasa na kuomba tubadilishe, hata kama malipo yatapungua, au nijikaze miezi hii miwili na mkono huu usiotia uzi? Na mdogo wangu nimwambieje ili asikie kwamba ninayemkimbia si yeye?

La mwisho ni ile video ya zipu. Bado iko pale. Imetazamwa mara 90,000 na ndiyo inayotuletea wafuasi wapya kila siku. Niifute, au niiache na kuandika sahihisho juu yake, ambalo najua wengi hawatalisoma?

Wako mpwa,
Fundi wa saa moja jioni